Blenda ya mkono: shika fimbo kabla ya kusoma wati

Mezani kwangu leo zipo blenda za mkono nne. Mbili zimeungua mota. Moja imekatika pale fimbo inapoingia kwenye mpini. Ya nne ni nzima kabisa. Mwenyewe aliileta akisema haisagi, kumbe alikuwa anailazimisha kusaga mchele mkavu wa vitumbua.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani, kibanda changu kipo Magomeni, Mtwara mjini. Natengeneza feni, pasi, birika, redio za wazee, na miaka ya karibuni hizi blenda za fimbo ambazo unazitumbukiza moja kwa moja kwenye sufuria. Mwenendo wake nimeshauzoea. Pesa za korosho zikilipwa, kuanzia Oktoba hivi hadi mwaka ugeuke, vifaa vinauzwa kama njugu kutoka hapa mjini mpaka Masasi na Newala. Ikifika Machi vinaanza kunifuata. Kwa hiyo mtu akiniuliza "fundi, ninunue ipi?" simjibu kwa picha ya kwenye boksi. Namjibu kwa kukumbuka zile nyingine zilivyokufa.

Na jikoni pia nipo. Mke wangu anafanya kazi ya zamu, na mama mkwe alipohamia kwetu kutoka Newala alikuja na meno mawili, nayo mwenyewe anasema ni ya mapambo. Chakula chake lazima kilainike. Kwa hiyo jioni nyingi ni mimi, sufuria na fimbo.

Unapika nini hasa?

Anza hapo, maana blenda ya mkono ni chombo cha vyakula vyenye maji. Mswisi aliyeibuni, Roger Perrinjaquet, alipata hataza yake mwaka 1950, na wazo halijabadilika: badala ya kupeleka chakula kwenye mashine, unapeleka kisu kwenye chakula.

Chukua mbaazi za nazi, ambazo kwetu ni kifungua kinywa cha heshima. Zikishaiva, ipua sufuria, iinamishe kidogo mchuzi ukusanyike upande mmoja, tumbukiza fimbo hapo, bonyeza sekunde tano, achia, bonyeza tena. Usizisage zote, theluthi inatosha. Rudisha jikoni, tia tui zito. Mchuzi unashikana wenyewe bila unga, na mbaazi nzima bado zinaonekana. Kwa blenda ya jagi ungemwaga, ungesaga, ungerudisha, na ungeosha jagi. Tena kitu cha moto ukikifungia ndani ya jagi, mvuke unarusha kifuniko; jirani yangu mmoja alibabuka mkono kwa namna hiyo, na hadi leo jagi lake amelifanya chombo cha maua.

Kazi nyingine inayoiweza vizuri ni korosho. Huku hatuna sababu ya kununua korosho nzima za bei kwa ajili ya mchuzi; tafuta vipande, zile zilizovunjika wakati wa kubangua. Loweka usiku kucha, au saa moja kwenye maji ya moto, mwaga maji, weka kwenye kikombe kirefu chembamba, kikombe kimoja cha korosho kwa kimoja cha maji safi, kisha saga kwa vipindi vifupi. Inatoka krimu nyeupe inayokaa kwenye mchuzi wa kuku au mchicha kama tui. Siku ambayo nazi imepanda bei, hii imeniokoa.

Hata nazi yenyewe: ikishakunwa kwa mbuzi, mimina maji ya vuguvugu, piga kwa blenda nusu dakika, kamua kwa kifumbu. Tui la kwanza linatoka zito kuliko la kukamua kwa mkono peke yake. Na tui likikatika jikoni kwa moto mkali, ipua, piga kidogo, linarudi. Si la kudumu, lakini wageni watakuwa wameshakula.

Sasa isichoweza. Kisamvu, hapana. Nyuzi za majani zinajisokota kwenye kisu mpaka mota inalia. Kisamvu ni kinu na mchi, kisha moto wa muda mrefu, na urefu huo wa moto si wa ladha tu, majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha. Kikishaiva ndipo unaweza kupitisha fimbo mara mbili tatu kama unamlisha mtu asiye na meno. Muhogo wa kuchemsha nao usiuguse: visu vinavyokwenda kasi vinaachia wanga wote na unabaki na gundi. Mama mkwe aliionja ya kwangu, akaitazama ikining'inia kwenye kijiko, akasema, "Baba, hii tubandikie bahasha." Muhogo unapondwa kwa mwiko. Barafu, mifupa ya samaki, kokwa za tende, nafaka kavu, kahawa: vyote hivyo ni njia ya kuja kibandani kwangu. Kijana mmoja kutoka Lindi alisaga ufuta mkavu dakika tano mfululizo, nikaifungua mota nikakuta waya wa shaba umekuwa mweusi kama mkaa.

Kama mapishi yako mengi ni juisi ya embe yenye barafu na unga wa vitumbua, nunua blenda ya jagi, usinipe kazi.

Fimbo na maungio

Hapa ndipo pa kutumia muda wako dukani. Watu wanashika mpini, wanasoma wati, wanalipa. Mimi nashika fimbo.

Fimbo iwe ya stenlesi mpaka shingoni, siyo kofia ya chini tu. Ya plastiki inafaa kwa uji uliopoa, lakini kwenye mchuzi wa moto inachoka: inageuka rangi ya bizari wiki ya kwanza, kisha nyufa ndogo zinaanza karibu na maungio, na siku moja inakatika ukiwa umeinamia sufuria. Zipo plastiki zilizopakwa rangi ya fedha zinazong'aa kuliko chuma chenyewe. Usizipime kwa sumaku, maana stenlesi nyingi nzuri hazishiki sumaku, utaikataa iliyo bora. Igonge kwa kucha. Chuma kinalia, plastiki inatoa sauti bubu. Na shikilia kiganjani kidogo. Chuma ni baridi.

Kisha ichomoe fimbo kwenye mpini, uirudishe, uichomoe tena. Iwe inatoka kwa kuzungusha au kwa kubonyeza vitufe viwili, si kitu, ila ikishaingia isicheze. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya fimbo kwa mwingine, tikisa. Ukisikia katakata, iache. Mchezo mdogo dukani ni mchezo mkubwa baada ya miezi mitatu, na ndio unaokula meno ya kiunganishi.

Kiunganishi ni nini? Tazama ndani ya shimo la fimbo, utaona kipande chenye meno kinachopokea mzunguko wa mota. Mara nyingi ni plastiki, na wateja wananilalamikia kwamba wametapeliwa. Si lazima. Plastiki pale inafanya kazi kama fyuzi: fimbo ikikwama kwenye kitu kigumu, kipande kinakatika na mota inapona. Swali ni unene wake na kama kinapatikana. Mpe muuzaji swali hili moja: "Fimbo peke yake mnauza?" Akicheka, umeshajua. Mimi nimeshachonga viunganishi kwa mabaki ya blenda nyingine, na vinadumu, lakini siwezi kukuahidi kila mara.

Ifunge tena, kisha geuza ncha juu utazame kofia inayofunika visu. Iwe na matundu makubwa ya pembeni. Kofia isiyo na matundu inanyonya chini ya sufuria kama konokono aliyeng'ang'ania mwamba, unaivuta, inaachia ghafla, na mchuzi unakuwa ukutani. Sufuria zetu nyingi ni za bati jepesi la alumini, kofia ya chuma inazikwaruza ukiiburuza. Tafuta yenye ukingo laini, na ukipika kwenye sufuria ya tefloni ipitishe juujuu. Kwenye chungu cha udongo usitumbukize kabisa. Visu viwe vinne vya pembe tofauti ukipata, viwili vinatosha. Vikitazamwa kutoka juu visigusane na kofia mahali popote unapovizungusha kwa mpini wa kijiko, plagi ikiwa nje.

Jambo la urefu watu hulisahau. Kabla hujatoka nyumbani, simamisha mwiko kwenye sufuria unayopikia kila siku, weka alama mchuzi unapofika. Nenda na mwiko dukani, hata kama watakushangaa. Maungio yabaki juu ya alama hiyo kwa vidole vinne. Chakula kikifika kwenye maungio, kinaingia kwenye mota.

Wati, na herufi mbili ambazo hakuna anayezisoma

Wati ni kile mota inachokula, siyo shamba inalolima. Nimeshafungua ya wati 1,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu, ndani mota ni ya saizi ya kiberiti, na nimeshaona ya wati 200 ya zamani inayosaga kunde bila kutetereka. Kwa mchuzi, mbaazi, uji na maboga, wati 300 mpaka 600 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana zinatosha. Zaidi ya hapo unalipia kibandiko.

Umeme wenyewe usikutishe. Ya wati 600 inamaliza uniti moja ya LUKU ikizunguka dakika 100 kamili, na hakuna mchuzi wa dakika 100. Dakika mbili kwa siku ni uniti moja kwa siku hamsini.

Kinachoua ni muda. Geuza mpini, soma kibandiko. Zipo zilizoandikwa KB 1 min au KB 2 min. Hizo herufi mbili ni kifupisho cha Kijerumani chenye maana ya kazi ya muda mfupi. Yaani dakika moja, kisha ipumzike ipoe. Zisizo na KB, taarifa hiyo huwa kwenye karatasi ya maelekezo ambayo watu wengi wanafungia maandazi. Mota hizi zinazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika ndani ya mpini mwembamba, joto halina pa kwenda. Zile mbili zilizoungua mezani kwangu zote ziliandikwa KB 1 min. Ukiona mashine mbili za bei moja, moja dakika moja na nyingine tatu, chukua ya tatu hata kama wati zake ni chache.

Umeme wa huku kwetu

Kibandiko kisome 220–240 V, 50 Hz. Vifaa vya mtumba ni mtego hapa: cha Japani kimetengenezwa kwa volti 100, cha Marekani kwa 120. Ukikichomeka kwenye 230 za kwetu kinaimba kwa sauti nzuri sana sekunde chache, kisha moshi.

Jioni umeme ukipungua, utaona taa zinafifia na feni inachoka. Hapo usisage kitu kizito. Mota ikizunguka taratibu, feni yake ya ndani nayo inapuliza kidogo, na joto linabaki. Ukiwa kijijini na sola, angalia inveta kwanza, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi: ya wati 300 haiwezi kubeba blenda ya wati 600, itazima au itapiga kelele ya kengele.

Plagi nyingi zinakuja za pini mbili, maana mashine hizi zina kinga mara mbili, ile alama ya mraba ndani ya mraba, na hazihitaji waya wa athi. Mtindo wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie, uache. Nunua adapta yenye fyuzi. Wati 600 ni ampea 2.6 hivi, fyuzi ndogo inatosha.

Halafu waya. Kwangu soketi ipo karibu na mlango na jiko la mkaa lipo uani. Waya wa mita moja ungenilazimisha kutumia ekstensheni inayopita juu ya mkaa, na hilo nimeshaliona likiyeyuka kwa mteja. Ushike waya dukani, nyoosha mikono yote miwili: pima moja ni kama mita 1.8, na hiyo ndiyo nzuri. Hata hivyo sufuria iipue kwanza, iweke juu ya meza au kigoda, ndipo usage. Mvuke wa jikoni unapanda moja kwa moja kwenye matundu ya mpini.

Zisizo na waya, za kuchaji, ni raha kwa anayepika uani au umeme unapokatika. Ila betri ndiyo mashine, na betri ikifa hakuna fundi wa mtaani atakayekufurahisha.

Mkono wako

Inyanyue mbele ya kifua, ishike hivyo dakika moja huku umebonyeza kitufe (haijachomekwa, bila shaka). Mke wangu ana vidole vidogo, na ya kwanza niliyomletea ilikuwa mnene kama mchi; aliitumia mara mbili akanirudishia. Kitufe kikiachiwa mashine lazima izime papo hapo. Zile zinazobaki zinazunguka zenyewe ni hatari kwenye nyumba yenye watoto. Kasi mbili zinatosha. Kumi na mbili ni mapambo, ingawa ile inayoanza polepole kisha kuongeza inapunguza kurusha mchuzi.

Vifaa vya ziada: bakuli la kukatia lina faida kama unasaga thomu, tangawizi na pilipili kila siku. Mchapo wa mayai, kama hupiki keki, utakaa kabatini. Kikombe kirefu kichukue.

Dukani, na siku ya kwanza

Mwambie muuzaji achomeke. Sekunde tano hewani, si zaidi. Sikiliza: mlio uwe mmoja, usiwe na kukwaruza. Cheche chache ndani ya matundu karibu na kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, ni kawaida kwa mota mpya. Moto wa buluu unaozunguka mduara mzima si kawaida. Harufu kidogo ya vumbi la kiwandani sawa, harufu ya plastiki inayoungua hapana. Kisha risiti, na waandike siku za kurudisha kwa kalamu, siyo kwa mdomo. Ya kwangu ya sasa nililipa 85,000 baada ya kukataa mbili za bei zaidi ya hiyo, muuzaji akaninunia, lakini ndiyo ipo mwaka wa tatu.

Ukifika nyumbani, jaza sufuria maji, tumbukiza, ndipo ubonyeze, sekunde ishirini, achia kitufe, ndipo utoe. Mpangilio huo uwe mazoea: ukiwasha nje ya chakula au ukitoa kabla haijasimama, utafua pazia. Kusafisha ni hivyo hivyo, maji ya vuguvugu na tone la sabuni. Chochote kikikwama kwenye visu, chomoa plagi kwanza. Vidole vilivyoletwa hospitali vingi vilikuwa vinatoa nyuzi huku waya upo ukutani. Mpini usiingie majini, ufute kwa kitambaa. Fimbo ikiingiwa maji shimoni, imwage, iache ikauke ikiwa imesimama, hasa nyie wa Shangani na Mikindani ambako hewa ya chumvi inakula skrubu hata zikiwa ndani ya droo.

Na kila wiki tazama yale maji ya kusafishia. Yakitoka na mafuta meusi chini ya kisu, sili ya chini, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imeachia na grisi ya beringi inaingia kwenye mbaazi zako. Hapo acha kuitumia siku hiyo hiyo, uniletee fimbo peke yake, mpini ubaki nyumbani.